Nani Steringi wa X-Men? Majibu kwa Wateja Wangu wa Mtwara

Nina kibanda cha kuazimisha vitabu karibu na soko la Mtwara, na kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya meza ile hakuna swali lililonichosha kama lile linalokuja mara tu mteja anapofunua kwa mara ya kwanza kitabu cha X-Men, yaani vile vitabu vya picha vya Kimarekani kuhusu kikosi cha mashujaa waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida. Juma lililopita lilitoka kwa kijana aliyevuka kutoka Msanga Mkuu, mwenye vidole vyeusi kwa sababu ya kubangua korosho, ambaye kabla hajafika ukurasa wa tatu aliinua macho akaniuliza: "Anko, steringi humu ni nani?" Sijafungua kinywa, mwenzake akamjibu kwa uhakika wa mtu aliyemaliza filamu zote: "Wolverine, huyo mwenye makucha. Wengine wanamsindikiza tu."

Dhana hiyo nitaishughulikia kwa urefu, kwa kuwa ndiyo inayowanyima watu utamu wa kitabu chenyewe. X-Men hawana steringi, na hawakuumbwa wawe naye. Mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walipowaanzisha mwaka 1963, walianza na wanafunzi watano, yaani Cyclops, Beast, Iceman, Angel na Marvel Girl, chini ya mwalimu wao Profesa X. Wolverine hakuwamo hata kwa kivuli. Alijitokeza mwaka 1974 katika kitabu cha Hulk, lile jitu la kijani, tena akiwa mpinzani wa kupita, na akaingizwa kwa X-Men mwaka 1975, pale mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walipounda kikosi kipya baada ya kitabu kukaa takriban miaka mitano kikirudia hadithi za zamani. Hata baada ya kuingia alikuwa mtu wa kutolewa wakati wowote, na aliyemng'ang'ania ni mchoraji John Byrne, ambaye alikulia Kanada na hakutaka kuona mhusika pekee wa Kanada akifukuzwa kikosini. Kitabu chake mwenyewe, cha matoleo manne, kilitoka mwaka 1982. Mtu aliyesubiri miaka minane kupata kitabu chake hawezi kuitwa steringi wa nyumba aliyopangishwa.

Kosa, nadhani, linatokana na mazoea ya vibanda vya video, ambako tumezoea kumtafuta mtu mmoja wa kumshangilia na kumhesabia adui aliowaangusha. Kitabu cha timu hakisomwi hivyo. Wateja wangu wengi wamekulia karibu na vinyago vya Kimakonde, na wanakijua kile cha ujamaa, gogo moja la mpingo lililochongwa watu wengi waliobebana, huyu akikanyaga bega la yule, yule akishika mguu wa mwingine. Sijawahi kumsikia mtu akisimama mbele yake na kuuliza mkubwa wao ni yupi. Ukimwondoa mmoja, gogo linabaki na tundu na waliokuwa juu yake hawana pa kukanyaga. X-Men wa mwandishi Chris Claremont, aliyewaandika mfululizo kuanzia mwaka 1975 hadi 1991, wamejengwa namna hiyo hiyo. Nightcrawler ana sura ya shetani, mkia na vidole vitatu, naye ndiye mcha Mungu kuliko wote. Colossus hugeuka chuma, lakini ndani yake ni kijana wa shambani anayependa kuchora. Kitty Pryde aliingia mwaka 1980 akiwa na miaka kumi na mitatu na nusu, na kwa macho yake sisi wasomaji tuliwaona wakubwa wake upya. Uwezo wa kila mmoja una maana pale tu unapowekwa karibu na udhaifu wa mwenzake.

Asiyeniamini ninampa toleo la 201, la mwaka 1986, na kumwomba alisome kimya. Humo Storm, mwanamke wa kikosi cha 1975 ambaye sasa ndiye kiongozi, hana uwezo wowote: silaha iliyobuniwa na fundi aitwaye Forge ilikuwa imemnyang'anya nguvu zake za kuamuru hali ya hewa katika toleo la 185, mwaka 1984, na tangu hapo yeye ni mwanamke mwenye akili na mikono yake tu. Cyclops, ambaye macho yake hutoa miale ya kuvunja ukuta, anataka kurudi kuwa kiongozi. Wanakubaliana kushindana katika chumba cha mazoezi, na hapo msomaji wa "nani mkali" hufunga hesabu mapema: mwenye miale atashinda. Hashindi. Storm anajificha, anamvizia, anamvua kile kifuniko cha macho, na mchezo unaishia hapo. Lakini jambo la kutazama ni kwamba mke wa Cyclops ndiyo kwanza amejifungua, na mtu yule anapigania uongozi huku nusu ya moyo wake iko kwa mtoto. Ukilisoma toleo hilo kwa kutafuta ngumi, unapata kurasa chache za ngumi. Ukilisoma kwa kuwatazama watu wa nyumba moja, unamwona mume anayekimbilia kazini ili asikae nyumbani, na pambano lenyewe linakuwa jibu ambalo hakutaka kulisikia. Sijapata filamu iliyolisema jambo hilo kwa ufupi kiasi hicho.

Kwa hiyo naomba mashindano ya kupanga wahusika kuanzia wa kwanza hadi wa kumi yafanyikie nje ya kibanda changu.

Pacha wa dhana hiyo ni ule msemo wa "steringi hafi." Thunderbird aliingia kikosini mwaka 1975 na akafa katika toleo la 95, mwaka huo huo. Phoenix, ambaye ni yule yule Marvel Girl wa mwaka 1963, alikufa katika toleo la 137, mwaka 1980, na kisa cha uamuzi huo kinafaa kujulikana: waandishi walikuwa wamepanga abaki hai bila nguvu zake, lakini mhariri mkuu, Jim Shooter, akasema kwamba mtu aliyeangamiza sayari yenye viumbe mabilioni, kama alivyofanya katika toleo la 135, hawezi kuondoka salama. Ni kweli alirudishwa mwaka 1986, na mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba wangemwacha apumzike.

Wengine husema Storm ni wa Wakanda, ile nchi ya Afrika ya kubuniwa vitabuni. Aliolewa huko, na mfalme wake, Black Panther, mwaka 2006, na ndoa hiyo ikavunjika mwaka 2012. Kuolewa mahali si kuzaliwa hapo. Baba yake ni Mmarekani mpiga picha, mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya, naye alizaliwa New York na kulelewa Kairo. Wazazi wake walikufa huko wakati wa vita vya Suez vya mwaka 1956, yeye akafukiwa na kifusi pamoja na mwili wa mama yake, ndiyo maana hadi leo hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Baadaye alisafiri kusini hadi Serengeti, na sisi tuliobaki na sehemu kubwa ya Serengeti upande wetu wa mpaka tunaruhusiwa kunung'unika kidogo kwamba Kenya ndiyo inayotajwa.

Kuna pia wanaoamini kwamba Stan Lee aliwaumba wote. Storm, Nightcrawler na Colossus ni kazi ya Wein na Cockrum. Hata Magneto, adui mkubwa wa X-Men, tunayemjua si yule wa mwaka 1963, ambaye alikuwa adui wa kawaida aliyeteka kituo cha makombora na kucheka kwa sauti. Aliyempa utoto wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na kwa hiyo sababu ya kuwaogopa wanadamu, ni Claremont, katika toleo la 150 la mwaka 1981. Watu huisoma huruma hiyo kinyumenyume hadi katika toleo la kwanza, ambamo haimo.

Wolverine, kwa kuwa bado mnamuuliza, ni mfupi: katika vitabu ana urefu wa takriban sentimita 160. Yule mrefu wa kwenye filamu ni mwigizaji.

Wanaodai kwamba vitabu vya picha ni vya wasiojua kusoma ninawapa ukurasa mmoja wa Claremont, ambao viputo vyake vya maneno hufunika nusu ya mchoro, na sijaona aliyeumaliza kwa pumzi moja. Ushauri wangu, nao sitauacha, ni kuupitia kila ukurasa mara mbili: mara ya kwanza maneno, mara ya pili michoro peke yake, hasa mikono na macho ya wale wasiozungumza. Wala si lazima kuanzia toleo la kwanza la 1963. Anzia kikosi cha 1975, nenda moja kwa moja hadi kifo cha Phoenix, kisha urudi nyuma ukipenda.

Mikusanyo ya miaka hiyo ninayo, ila mmoja una alama nyeusi ya kidole gumba juu ya uso wa Storm, na utomvu wa ganda la korosho hautoki kwenye karatasi. Tangu siku ile, mteja aliyetoka kubangua hukaa nami upande wa ndani wa meza, nami humfunulia kurasa mwenyewe. Kijana wa Msanga Mkuu alisoma toleo zima la 201 kwa utaratibu huo, akinigusa begani kila alipotaka niendelee, na mara mbili alinizuia ili turudi ukurasa wa nyuma.