Kiti cha treni ya usiku si kochi la sebuleni

Mimi ni fundi wa viti, nilianzia Kibuye hapa Kisumu nikifunika makochi na viti vya matatu, mambo ya treni yalinipata baadaye kabisa wakati kontrakta mmoja alipewa mabehewa ya zamani ayatengeneze ndani na akawa anatafuta watu wanajua sindano, gundi na sponji. Mtu akiskia nilifanya hio kazi swali la kwanza ni rangi, ati nani alichagua rangi. Jamani, rangi ni kazi ya siku mbili tatu. Kilichotumaliza ni vitu hakuna abiria huangalia, na ndio hivyo vinaamua kama utafika Nairobi ukiwa mtu ama ukiwa gunia.

Reli ilifika hapa Disemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Kuna miaka tulikaa bila treni ya abiria kabisa, hadi Disemba 2021 ikarudi, na safari ni ya kama saa kumi na mbili, usiku kucha. Sasa shika hapo. Kwa basi utakaa saa saba nane na dereva atasimama Nakuru unyooshe miguu ununue chai, lakini kwa treni kiti ndio nyumba yako mpaka asubuhi, kwa hivyo kiti cha basi hata kiwe kizuri aje huwezi kukinakili ukaweka kwa behewa ukasema umemaliza. Mimi nilijaribu. Ndio nikajua.

Kiti changu cha kwanza cha majaribio kilikuwa kitamu ajabu, ukikaa unazama, mabosi walikaa dakika tano wakatingisha kichwa wakasema hapo sawa. Tukakifunga kwa behewa moja na mimi nikapanda nalo. Mbele yangu alikaa mama mmoja anaenda kuona binti yake Nairobi, kufika Kibos amelala fofofo, nikajipongeza kimoyomoyo. Tulipokaribia Fort Ternan naona amesimama, ameshika mgongo. Nikamuuliza, mama kuna shida? Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hiki kiti kimenikaribisha Kisumu, huku juu kinanifukuza." Hakujua ni mimi nimekitengeneza na sikumwambia.

Nilirudi nikakifungua. Sponji ilikuwa ile nyepesi, na mtu akiikalia muda mrefu inaporomoka polepole mpaka mifupa ya makalio inakutana na plaiwudi. Kama unataka kujua sponji yako ni ya aina gani usiulize muuzaji, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10 ukipime kwa mizani ya jikoni, gramu unazopata ndizo kilo kwa kila mita moja ya ujazo. Yangu ilikuwa gramu 18. Ya kiti cha safari ndefu mimi saa hii sishuki 40, na juu yake naweka tabaka nyembamba laini ya kukaribisha, halafu ile ngumu chini inabeba.

Lakini kuna kingine, na hiki hata mafundi wazuri hawakijui. Mwili wa binadamu ukitingishwa juu chini kama mara 4 hadi 8 kwa sekunde, uti wa mgongo na tumbo vinaitikia, yaani vinacheza zaidi kuliko kile kinachovitingisha, na sponji nene laini nayo ina mdundo wake karibu na hapo hapo. Kwa hivyo badala ya kuzuia mtingisho kutoka kwa reli inauongeza! Ndio maana mtu anakaa kwa kitu laini na anashuka amepondeka. Kwa behewa la miaka mingi, springi za bogi, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa, zikiwa zimechoka kidogo, utaskia kila kiungo cha reli kwa kiuno.

Halafu ukingo wa mbele. Nilikuwa nimetumia kimo cha sentimita 46 kutoka sakafuni, kwa sababu mimi ni mrefu, sikufikiria mama wa futi tano ambaye miguu inaning'inia, ukingo unamkata nyuma ya goti, damu haishuki vizuri, asubuhi viatu haviingii. Tukashusha hadi 43 na ukingo tukauviringisha. Watu warefu walinung'unika kidogo lakini wao wanaweza kunyoosha miguu mbele.

Kuna watu hupenda kusema letea Kenya vitu vya Ulaya tu, mambo kwisha. Zile treni 11 za dizeli zilizoletwa Nairobi 2020 zilitoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na zilifaa juu reli ya huko pia ni ya upana wa mita moja kama hii yetu ya zamani, sio ya SGR ya milimita 1,435. Kule zilikuwa zinafanya safari za kama saa moja kutoka Palma. Kwa abiria wa mjini anayeenda kazini, sawa kabisa. Ukimwekea mtu kiti hicho hicho kutoka Kisumu hadi Nairobi atakulaani mpaka Limuru. Na hata hao Ulaya hukosea, treni za Thameslink zilizoingia London 2016 viti vyake ni vyembamba na vigumu hivi kwamba abiria walivipa jina la ubao wa kupigia pasi. Zilikuwa mpya kabisa, lakini mtu akakumbuka yale mabehewa ya miaka ya sabini yenye viti vinene.

Kitambaa ama leza? Hapa tulibishana wiki nzima. Leza inapanguswa, na treni yetu inabeba samaki, miwa, watoto wenye juisi, kila kitu. Lakini Kisumu saa kumi na mbili jioni joto bado liko, leza inakushika mapaja kama gundi, na treni ikipanda huko juu Londiani inageuka barafu. Mabasi na treni za chini ya ardhi za London hutumia moketi, kitambaa cha sufu asilimia 85 na nailoni 15, kinapumua, kinavumilia, na sufu haishiki moto haraka. Ni ghali. Mimi nilitaka kitambaa katikati pale mwili unagusa na leza pembeni, na kwa mabehewa ya bei ya juu nilikubaliwa. Kwa yale mengine nikaambiwa leza tupu, nikaweka mistari ya matundu madogo angalau hewa ipite.

Moto nao si mchezo. Mwaka 1978 huko Taunton, Uingereza, treni ya kulala ilishika moto usiku, watu 12 wakafa, na chanzo kilikuwa magunia ya mashuka yaliyorundikwa kwa hita. Moshi ndio uliwaua. Kwa hivyo kabla sijanunua roli ya kitambaa nakata kipande nakiwasha nje, kikidondosha matone ya moto kinarudi kwa duka, hata kama ni kizuri namna gani.

Vyoo, taa, soketi za simu, hayo wengine walifanya na walifanya vizuri, taa tu ndio niliomba zipunguzwe saa nne usiku na wakakubali.

Kilichobaki ni baridi na makelele. Kutoka ziwa, mita kama 1,130, unapanda hadi Mau Summit zaidi ya mita 2,500, usiku wa manane, na raba ya dirisha ikiwa imekauka upepo unaingia kwa shingo kama kisu. Raba mpya za madirisha zililetea watu usingizi kuliko viti vyangu vyote, nakubali. Makelele ndio mabishi. Paneli ikilegea milimita moja inalia tikitikitiki saa tano mfululizo, na ukisimamisha treni inanyamaza, huwezi kuipata gereji. Kwa hivyo mimi husafiri na chaki. Watu wakilala natembea na viganja ukutani, nikiskia mlio nabonyeza, ukinyamaza naweka alama, kesho yake tunatia kipande cha felti na riveti mpya. Kuna askari alinishika karibu na Molo akitaka kujua kwa nini naandika kwa mali ya umma, ikabidi nimwonyeshe: nikabonyeza ukuta, kimya, nikaachilia, tikitikitiki. Akabonyeza mwenyewe. Tukamaliza behewa zima na yeye, alama kumi na nne.

Kumi na tatu tumezirekebisha. Ule wa juu ya mlango wa choo bado unalia, na tumefungua hapo mara tatu.