Kipindi cha miaka 20 ya Doctor Who: yanayosemwa na yaliyotokea

Novemba 1983 Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza kuhusu Daktari, msafiri wa nyakati anayebadilika mwili na hivyo kuigizwa na waigizaji tofauti kwa zamu, ilitimiza miaka 20 tangu ianze kurushwa, na BBC ikaandaa The Five Doctors, kipindi maalumu cha dakika 90 cha kuwakutanisha Madaktari wote watano. Kinapendwa mpaka leo. Lakini mengi yanayosimuliwa juu yake si kweli, na mengine yanawadhulumu watu waliokihangaikia.

Dhana: Hiyo ndiyo mara ya kwanza Madaktari kukutana.

Walishakutana. The Three Doctors, kisa cha sehemu nne kilichoanza kurushwa 30 Desemba 1972, kilimweka Jon Pertwee pamoja na waliomtangulia, Patrick Troughton na William Hartnell. Na hapo pana uvumi mwingine: eti Hartnell, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, alirekodiwa kwenye gereji ya nyumbani kwake. Ukweli ni kwamba alikwenda studio za Ealing, London, akaigiza ameketi, huku akisoma maneno yake kwenye makaratasi aliyoshikiwa. Ndiyo maana anaonekana kwenye skrini tu, akiwashauri wenzake kwa mbali. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho ya uigizaji. Mzee aliyeanza kusahau maneno yake, na bado akaitikia wito, anastahili kusimuliwa sawasawa.

Dhana: Mwaka 1983 Madaktari wote watano walishiriki.

Walioigiza kweli katika nafasi zao walikuwa watatu: Troughton, Pertwee na Peter Davison, aliyekuwa Daktari wa wakati huo. Hartnell alifariki Aprili 1975. Tom Baker alikataa. Wengine husema ni ugomvi, lakini sababu aliyoitoa inaeleweka: alikuwa ameondoka mwaka 1981 baada ya miaka saba, akaona ni mapema mno kurudi. Baadaye alikiri kwamba alijuta. Kinachowachanganya watu ni picha za matangazo, ambamo anaonekana amesimama na wenzake. Huyo ni sanamu yake ya nta kutoka Madame Tussauds, jumba la maonyesho ya sanamu za nta. Mwangalie usoni tu, utajua.

Dhana: Vipande vya Baker vilivyomo katika The Five Doctors vilichotwa kwenye vipindi vya zamani vilivyokwisha kuonyeshwa.

Vilitoka Shada, kisa cha mwaka 1979 ambacho hakikukamilika kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi wa BBC. Baker yuko Cambridge, anaendesha mashua kwa upondo mtoni, na Lalla Ward kama Romana, msafiri mwenzake, ameketi mbele yake. Kwa watazamaji wengi wa 1983 hizo zilikuwa picha mpya kabisa. Terrance Dicks, mwandishi wa kipindi, alilazimika kuzitafutia mahali, naye akapapata: mtu anawanyakua Madaktari kutoka nyakati zao, na huyu wa nne ananaswa njiani, hafiki. Sarah Jane, mhusika mwingine anayesafiri na Daktari, aliyepangwa kuwa na Baker, akahamishiwa kwa Pertwee. Wapo wanaouita uandishi wa kuungaunga. Mimi nauona ni ufundi mkubwa, maana pengo la mwigizaji limegeuzwa kuwa sehemu ya hatari yenyewe ndani ya hadithi.

Dhana: Richard Hurndall, aliyeigiza Daktari wa kwanza badala ya Hartnell, aliingizwa kimyakimya ili watu wasikumbuke kwamba Hartnell amekufa.

Ni kinyume kabisa. Kabla hata ya muziki wa mwanzo, tunamwona Hartnell mwenyewe, katika kipande cha mwaka 1964, akimuaga mjukuu wake Susan na kumwahidi kwamba siku moja atarudi. Baada ya hapo ndipo anakuja Hurndall, na Susan anayekutana naye ni yule yule Carole Ann Ford. Waandaaji walitaka tumkumbuke Hartnell. Hurndall naye hakuiga kila kitu. Alichukua ule ukali na ule upole uliojificha chini yake, akauvaa kwa namna yake.

Dhana: Waingereza walikiona kwanza.

Wamarekani waliwatangulia. Kilirushwa Chicago na miji mingine kadhaa ya Marekani 23 Novemba, siku yenyewe ya maadhimisho. Uingereza kilioneshwa 25 Novemba, usiku wa Children in Need, kampeni ya BBC ya kuwachangia watoto. Wanaodhani kimejaa Dalek, maadui wakubwa wa Daktari wenye umbo la roboti, nao wamekosea: yuko mmoja tu, naye anauawa na mwale wake mwenyewe unaogonga kuta na kumrudia.

Dhana: Tom Baker hakurudi tena.

Alirudi mwaka 1993 katika kipindi kifupi cha hisani, kisha akarudi tena katika The Day of the Doctor, 23 Novemba 2013. Akiwa na miaka 79, aliigiza msimamizi wa jumba la sanaa jijini London, akazungumza ana kwa ana na Matt Smith, aliyekuwa Daktari wa wakati huo. Kipindi hicho kilirushwa kwa wakati mmoja katika nchi 94.