Mlango wa Kizimba Ufungwe Mwisho

Familia nyingi zinazoleta mtoto wa mbwa kliniki kwa chanjo ya kwanza huwa zimekwisha kununua kizimba, na baadhi yao zimekwisha kukiharibia jina. Usiku wa kwanza mnyama ametiwa ndani, komeo limefungwa, taa zimezimwa, naye amelia hadi alfajiri. Kesho yake akikiona tu anarudi kinyumenyume. Hofu ya namna hiyo huchukua muda mrefu kuitoa kuliko muda ambao ungetumika kumzoesha polepole tangu mwanzo.

Wauzaji hupenda kusema kwamba mbwa ni mnyama wa pangoni kwa asili yake, hivyo kufungiwa hakumsumbui. Hilo ni nusu ya kweli. Mbwa mwitu hutumia pango kuzalia na kulelea watoto katika wiki zao za mwanzo. Watoto wakishapata nguvu, kundi zima huliacha. Tena pango halina mlango wa waya. Mbwa huweza kupenda mahali padogo penye kivuli na utulivu, lakini mapenzi hayo hufundishwa, na hufundishwa mlango ukiwa wazi. Nchi kama Uswidi haziruhusu kabisa mbwa kufungiwa kizimbani nyumbani kama jambo la kila siku. Mimi sifiki huko, kwa sababu mbwa aliyekizoea kizimba husafiri bila taharuki, na akilazwa au kufanyiwa upasuaji hupumzika badala ya kuhangaika. Pia huokoka na nyaya za umeme, ambazo watoto wa mbwa huzitafuna bila kubagua.

Ukubwa wa kizimba ni jambo rahisi: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amenyoosha miguu. Kikizidi sana hapo, atalala kona moja na kukojoa nyingine. Kwa mbwa wa mbegu kubwa, nunua cha kumtosha ukubwani chenye kizuizi cha ndani, ukisogeze kadiri anavyokua. Kiweke mahali ambapo watu wanakaa. Stoo humfundisha kwamba kizimba maana yake ni kutengwa. Kisipigwe na jua, kwani mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema na hana jasho la maana nje ya nyayo zake. Kabla hajaingia, mvue mkanda wa shingoni. Ukinasa kwenye waya unaweza kumnyonga.

Sasa kazi yenyewe. Fungua mlango na uufunge kwa kamba ubaki wazi, usije ukajipiga na kumshtua. Weka vipande vidogo vya chakula anachokipenda karibu na kizimba, kisha mlangoni, kisha ndani kidogo, kisha kabisa nyuma. Usimsukume wala usimbebe kumwingiza. Akiingiza kichwa tu na kutoka, hiyo ni kazi nzuri kwa siku hiyo. Anapoingia mwili mzima bila kusita, anza kumlisha mlo wake humo. Hapo ndipo unaweza kurudishia mlango wakati anakula, na kuufungua kabla hajamaliza. Ongeza sekunde, kisha dakika. Baadaye toka chumbani, urudi, bila kuaga wala kushangilia. Ukiona ameacha chakula na kuukodolea macho mlango, umekwenda mbio. Rudi hatua moja. Wapo wanaozoea kwa siku chache, wapo wanaohitaji wiki kadhaa, na mwenye haraka ni binadamu peke yake.

Usiku, weka kizimba kando ya kitanda chako. Mtoto wa wiki 8 ametoka kulala amegandamana na mama na ndugu zake. Kumpeleka jikoni peke yake ni kumwondolea vyote kwa mpigo. Akisikia pumzi yako hulala, nawe utamsikia anapohangaika kutaka kwenda haja. Mtoe kimyakimya, asubiriwe, arudishwe, bila mchezo. Ushauri wa “mwache alie, atachoka” siupendi hata kidogo. Kweli atanyamaza, ila kwa kuishiwa nguvu, na hofu itabaki palepale.

Mchana, mtoe kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Kanuni ya makadirio ni kuhesabu umri wake kwa miezi na kuongeza moja: wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa 3 hivi. Huo ni mwisho wa uwezo wake, si ratiba ya kufuata. Akichafua ndani, kosa ni la saa na la anayeishika, hivyo asigombezwe. Safisha kwa dawa yenye vimeng'enya, na uepuke zenye amonia, kwa kuwa harufu yake hukaribiana na ya mkojo na inaweza kumwita arudi palepale.

Kizimba kisitumike kumwadhibu, na watoto wa nyumbani wasiingie humo wala wasimfuate akiwa amelala. Hilo la watoto hupuuzwa mno, ilhali mbwa aliyebanwa pasipo njia ya kutokea ni rahisi kung'ata.

Wapo mbwa wasiokiweza kabisa. Akitoa udenda mwingi, aking'ata waya, akikwaruza mpaka kucha zitoke damu, au akijichafua ingawa ametoka haja muda mfupi uliopita, acha mara moja. Anaweza kuvunja meno. Mwekee uzio mpana au chumba kilichoondolewa vitu vya hatari, kisha umwone daktari wa mifugo.

Na kwa wanaoondoka asubuhi wakarudi jioni: kizimba hakitawasaidia. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa hujifunza kutoogopa watu, sauti na wanyama wengine, na dirisha hilo la kujifunza likifungwa halifunguki kwa urahisi. Tafuteni mtu wa kumtoa, kumlisha na kukaa naye mchana. Asipopatikana, ahirisheni kumchukua mbwa mpaka apatikane.