Kodi ya mirathi Uingereza: yasemwayo na yaliyo kweli

Kenya ilifuta kodi ya mirathi mwaka 1982, na wengi waliotoka huko kwenda kuishi Uingereza bado hudhani kazi ya warithi ni kupata barua ya mahakama, kisha kugawana. Uingereza serikali nayo hukaa kwenye mgao: mali inayozidi pauni 325,000 hutozwa 40%. Kiwango hicho hakijapanda tangu Aprili 2009, ilhali nyumba zimepanda mno, hivyo muuguzi aliyenunua nyumba ya kawaida London miaka ya tisini anaweza kuacha mirathi ya kutozwa kodi bila hata siku moja kujiona tajiri. Nyumba aliyoishi ikienda kwa watoto au wajukuu, huongezwa pauni 175,000 nyingine, ingawa nyongeza hiyo huanza kupungua mali yote ikizidi milioni 2. Mume na mke wakirithishana viwango vyao, jumla yaweza kufika milioni 1.

"Kiwanja changu cha nyumbani hakiwahusu"

Zamani maneno haya yalikuwa na ukweli kwa wengi. Leo ndiyo hatari kuliko yote. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 sheria haiulizi tena asili yako ni wapi, inauliza umekaa Uingereza miaka mingapi. Ukiwa umekuwa mkaazi kwa miaka 10 kati ya 20 ya kodi iliyotangulia, mali yako yote duniani imo: ghorofa la Mombasa, kiwanja cha Kigamboni, akaunti ya benki Muscat. Pasi unayosafiria haibadilishi kitu.

Kurudi nyumbani nako hakukutoi siku hiyo hiyo. Aliyekaa miaka 10 hadi 13 hubaki ndani ya wavu miaka 3 baada ya kuondoka. Aliyekaa zaidi huongezewa mwaka mmoja kwa kila mwaka wa ziada, mpaka kikomo cha miaka 10.

Kwa hiyo msimamizi wa mirathi atahitaji thamani ya kiwanja kile kama ilivyokuwa siku ya kifo, kutoka kwa mthamini, ikiwa imegeuzwa kuwa pauni. Mara nyingi hati iko kwa ndugu kijijini, hakuna anayeikumbuka, na fomu inajazwa bila hiyo. Ikigundulika baadaye, msimamizi mwenyewe anaweza kutozwa faini. Orodhesha mali zako ungali hai, na uandike kila hati imehifadhiwa wapi.

"Nyumba nimeshamwandikia mwanangu, yamekwisha"

Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Zawadi unayompa mtu hutoka kwenye hesabu ya kodi ukiishi miaka 7 baada ya kuitoa, lakini sharti uwe umeitoa kweli. Mama akihamishia hati jina la bintiye, kisha akaendelea kulala chumba kile kile, funguo ni zake, pango halipi, basi kwa HMRC, mamlaka ya kodi ya huko, nyumba ile ni yake bado, hata ipite miaka 20.

Kuna njia mbili za halali. Ya kwanza, mama alipe pango kamili la bei ya soko, lipitie benki, na lipande soko likipanda. Binti naye atalipa kodi ya mapato juu ya pango hilo. Ya pili, mama ampe sehemu tu ya nyumba, tuseme nusu, binti ahamie waishi pamoja, na kila mmoja abebe gharama zake. Mama asilipiwe umeme na matengenezo na binti kama fadhila ya ile zawadi. Binti akiolewa na kuhama, kinga inakatika, na hapo mama itambidi aanze kulipia pango ile nusu aliyoitoa.

Nyumba ya kupangisha ina mtego wake. Ukimpa mwanao, unahesabiwa umeiuza kwa bei ya soko ingawa hukupokea hata senti. Faida tangu uinunue hutozwa kodi ya faida ya mtaji, 18% au 24% kutegemea kipato chako, na taarifa pamoja na malipo vinatakiwa ndani ya siku 60. Ukifa nayo, faida hiyo hufutika, maana mrithi huanza na thamani ya siku ya kifo. Piga hesabu zote mbili kabla ya kusaini.

"Kila mwaka ukipita, kodi ya zawadi inapungua"

Nafuu hiyo ipo, ila haimhusu kila mtu. Zawadi ndiyo hutangulia kula kile kiwango cha 325,000, na nafuu hugusa tu sehemu ya zawadi inayozidi hapo.

Baba anampa mwanawe pauni 200,000 taslimu, anafariki baada ya miaka mitano, anaacha akiba ya 300,000. Zawadi haikuvuka kiwango, kwa hiyo haina kodi wala nafuu, lakini imekula 200,000 za kiwango na kuacha 125,000. Akiba inayobaki juu yake ni 175,000, na kodi ni 70,000 kamili. Angetoa 425,000, zile 100,000 za juu zingetozwa 16% badala ya 40%, kwa kuwa amefariki kati ya mwaka wa tano na wa sita. Na bili hiyo ya 16,000 kwanza hudaiwa mwana aliyepokea, ambaye huenda alishazitumia pesa zote. (Nimeacha kando ule msamaha mdogo wa kila mwaka.)

"Mwisho ni pauni 3,000 kwa mwaka"

Hizo 3,000 za zawadi zisizohesabiwa kwenye kodi ni mlango mmoja tu. Usipozitumia mwaka huu, unazibeba hadi mwaka unaofuata, basi. Mtoto akioa au kuolewa, kila mzazi anaweza kumpa 5,000 kabla ya harusi, babu au bibi 2,500.

Mlango mpana zaidi ni zawadi za kawaida zinazotoka kwenye kipato. Hauna kikomo wala hausubiri miaka 7. Masharti ni matatu: ziwe za mazoea, zitoke kwenye mshahara au pensheni na si akiba, na maisha yako yasishuke kwa ajili yake. Anayemtumia nduguye Tanga pauni 300 kila mwezi, 3,600 kwa mwaka, mara nyingi anatimiza yote bila kujua. Kinachowaangusha ni ushahidi. Weka daftari la kila mwaka: kipato, matumizi ya nyumba, kilichobaki, kilichotumwa. Fomu ya IHT403 huuliza hayo hayo, na wewe hutakuwepo kuyajibu.

"Kwa mke hakuna kodi"

Kweli, kama sheria inamtambua mke. Nikah iliyofungwa halali Zanzibar au Lamu hutambuliwa. Iliyofungwa Uingereza bila kusajiliwa kiserikali haimpi mke msamaha huo, na pasipo wosia hana fungu la mke. Sajilini ndoa.

Tena, mume akiwa ametimiza miaka ile 10 na mke hajaitimiza, labda kwa kuwa anaishi nyumbani, msamaha wa mke una kikomo cha 325,000. Mke anaweza kuchagua kuhesabiwa kama mkaazi ili kikomo kiondoke, lakini mali yake yote nayo itaingia kwenye wavu.

"Tutalipa nyumba ikiuzwa"

Kodi hudaiwa mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo. Aliyefariki 10 Machi, mwisho ni 30 Septemba, kisha riba inaanza. Na kwa kawaida kibali cha mahakama cha kuuza hakitoki kabla ya kodi. Benki ya marehemu inaweza kuombwa ilipe moja kwa moja kwa fomu ya IHT423, na kodi ya nyumba inaweza kugawanywa kwa mafungu 10 ya kila mwaka, pamoja na riba. Bima ya maisha iliyowekwa chini ya amana (trust) kwa ajili ya watoto hulipwa nje ya mirathi, na ndiyo pesa ya haraka wanayoihitaji miezi ile. Pensheni ambayo haijatumika nayo itaanza kuhesabiwa kwenye mirathi kuanzia 6 Aprili 2027, hivyo mpango uliojengwa juu ya pensheni unahitaji kupigiwa hesabu upya sasa.