Emoji ni nini: picha au herufi?

Wengi hudhani neno emoji limetokana na neno la Kiingereza "emotion", yaani hisia. Sivyo, yamefanana kwa bahati tu. Ni neno la Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Herufi-picha, basi.

Na herufi ndiyo hasa. Ukimtumia mtu uso unaocheka, hutumi picha. Unatuma namba ya msimbo, na simu yake ndiyo inayochora. Kwa hiyo tabasamu la simu yako si lazima lifanane na litakalofika kwake, na simu ya zamani isiyoijua namba hiyo huonyesha kisanduku kitupu. Kampuni za simu za Japani zilianza mambo haya miaka ya 1990. Seti inayotajwa sana ni ile ya Shigetaka Kurita wa NTT DoCoMo, ya mwaka 1999, vialama 176, kila kimoja nukta 12 kwa 12. Mwaka 2010 emoji ziliingizwa rasmi kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ndipo simu za kampuni mbalimbali zikaanza kuelewana.

Kazi yake ni nini? Mke anaandika, "Leo nitachelewa." Mume anajibu, "Sawa." Na nukta juu yake! Mama wa watu atakaa kwenye daladala mpaka kituo cha mwisho akijiuliza kanuniwa au vipi. Angeandika "Sawa 😊" yangekwisha. Neno ni lile lile; kilichoongezeka ni sauti na uso, vitu ambavyo maandishi huviacha nyuma.

Sasa ondoa neno, libaki tabasamu peke yake. Kakubali, au anakejeli? Emoji haina ukanushi wala wakati uliopita. "Ungelilipa lile deni, tungelikukopesha tena" utaiandikaje kwa vichoro? Hakuna emoji ya -nge-. Wavaa kanga wanalijua hili: korosho na maua yanapendeza, lakini jirani hajui kama ni yeye anayesemwa mpaka asome jina, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye".

Utata huo umefika hadi mahakamani. Huko Saskatchewan, Kanada, mkulima alitumiwa kwa simu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, akajibu kwa dole gumba 👍. Baadaye, mbegu zisipofika, akadai alimaanisha tu kwamba ameipata picha ile. Mwaka 2023 jaji alisema dole lile ni sawa na sahihi, na mkulima akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada.

Kwetu kesi ni za kundi la familia. Ule uso unaocheka hadi machozi, 😂, ambao Oxford Dictionaries waliuteua kuwa neno la mwaka 2015, wazee wengine huuona unalia. Machozi si machozi? Tulipotangaziwa msiba, baba mdogo akaandika: "Poleni sana wanangu, Mungu awatie nguvu 😂😂😂." Kundi likanyamaza dakika kadhaa. Kisha mfiwa mwenyewe akajibu, "Amina, baba. Tumeshapoa."