Mkanda wa kugeuza hauna upande wa ndani

Mkanda wa kwanza wa kugeuza nilioushona ulikuwa mzuri kwa dakika kumi. Upande mmoja ngozi nyeusi, upande wa pili kahawia, na nilikuwa nimeukata kwa mpindo kidogo ili ulalie nyonga. Rafiki yangu akauvaa juu ya gauni, ukatulia kana kwamba amezaliwa nao. Kisha akasema, "Haya, tuone na huo upande mwingine," akaugeuza. Ukingo mrefu, uliokuwa chini ukifuata upana wa nyonga, ukaja juu na kusimama mbali na mwili kama mdomo wa bakuli. Ule mfupi ukashuka ukamkaba. Nalo bizimu likatuonyesha mgongo wake: bati tupu lenye mikwaruzo ya kiwandani.

Kosa langu lilikuwa la kufikiri, wala si la mkono. Mkanda wa kawaida una ndani, na ndani ndiko fundi anakoficha aibu zake: fundo la uzi, gundi iliyovuja, ngozi iliyochunwa vibaya. Mkanda wa kugeuza hauna ndani. Dhana nyingi ninazozisikia kwa wanaotaka kubuni mkanda wa namna hii zinaanzia hapo. Bado wanaamini ipo sehemu isiyoonekana.

"Ni mikanda miwili iliyogundishwa mgongo kwa mgongo"

Hii ndiyo dhana inayoharibu ngozi nyingi kuliko zote. Chukua vipande viwili vyenye unene wa milimita 2 kila kimoja, vigundishe vikiwa vimelala mezani, kisha zungusha mkanda kiunoni. Tabaka la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kutoka katikati ya tabaka moja hadi katikati ya jingine ni milimita 2, na kwa duara zima tofauti ya njia ni 2 × 3.14 × 2, karibu milimita 12.6. Kiuno kiwe cha sentimita 60 au 110, jibu ni lile lile. Hiyo sentimita moja na ushei haina pa kwenda, kwa hiyo tabaka la ndani linajikunja mikunjo midogo midogo, kama ngozi ya kiwiko mkono ukinyooshwa.

Kwenye mkanda wa upande mmoja dawa yake ipo: unagundisha bitana mkanda ukiwa umepindwa tayari, ili bitana iwe fupi kidogo kuliko ngozi ya nje. Hapa dawa hiyo ni sumu. Upande uliofupishwa leo ndio utakaotakiwa kuwa nje kesho, na utavuta mpaka mshono ulie.

Kwa hiyo vipande vyote viwili hugundishwa vikiwa bapa, na kinachopunguzwa ni unene. Milimita 1.2 hadi 1.5 kwa kila upande inatosha, katikati ukiweka utepe mwembamba usiovutika ili mkanda usirefuke kadiri unavyovaliwa. Kama bizimu ni la kukunjia, pale kwenye mkunjo tabaka zitakuwa nne. Chuna ngozi kwa nyuma hadi ibaki nusu ya unene wake, la sivyo mbele patakuwa na nundu, na nundu ya tumboni hakuna mwanamke aliyeiomba. Kama bizimu ni la kubana ncha kwa meno au skrubu, lina kikomo cha unene linaoweza kumeza. Nunua bizimu kwanza, ndipo upime ngozi.

"Bizimu la kuzunguka linamaliza kazi"

Linamaliza kazi moja. Unalivuta kidogo, springi inaachia, unalizungusha nusu duara, linajifunga tena, na uso wake unabaki nje mkanda ukigeuzwa. Basi. Halina habari na kipete kinachoshika ncha ya mkanda, ambacho kama ni cha ngozi nyeusi kitabaki cheusi juu ya mkanda wa kahawia. (Mimi hukitengeneza cha chuma, au nakishona kwa ngozi zote mbili kiweze kupinduliwa kama soksi.)

Wala halinusuru umbo. Mkanda ulionyooka unaugeuza juu chini na hakuna anayejua. Wenye mpindo ukiugeuza hivyo, yanatokea yale yaliyomkuta rafiki yangu. Kata karatasi kwa umbo la mdomo unaotabasamu, uone mwenyewe: ukiigeuza juu chini, inanuna, ukiigeuza kushoto kulia, inaendelea kutabasamu. Njia ya kuulinda mpindo ni hiyo ya pili, na gharama yake ni kwamba kifungo kilichokuwa mkono wa kushoto kinahamia wa kulia. Hapo bizimu la kuzunguka si jibu tena. Unataka kifungo kisicho na mbele wala nyuma: pete mbili za kupitishia ncha, kamba za kufunga, au bizimu lililo sawa pande zote.

Kwa nguo za kike jambo hili si dogo, maana nyonga ni pana kuliko kiuno, na mkanda mpana ulionyooka ukishushwa hapo ukingo wake wa juu huachana na mwili. Mkanda mwembamba wa sentimita 2 mwili unausamehe. Wa sentimita 6 hausamehewi.

"Mshono ni mshono"

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, na kwa mkanda huu hiyo ni zawadi. Weka uzi mweusi juu na wa kahawia chini kwenye bobini, kila upande upate mshono wa rangi yake. Lakini nyuzi hizo hukutana na kufungana ndani ya ngozi, na mahali zinapofungana panaamuliwa na mkazo. Uzi wa juu ukivuta kupita kiasi, kila tundu la sindano upande mweusi litatoa nukta ya kahawia, safu ndefu ya nukta kama mayai ya mdudu. Shona kwanza kipande cha majaribio chenye unene ule ule, kaza au legeza hadi fundo lizame katikati.

Urefu wa mshono uwe milimita 3 hadi 4. Ukishona karibu zaidi, sindano inaitoboa ngozi kama ukingo wa stempu, na siku moja itachanika kwenye mstari huo huo. Tena usirudishe cherehani nyuma mwishoni kama ilivyo kwenye nguo, kwani lundo la uzi litaonekana pande zote mbili. Acha ncha ndefu, zivute kwa sindano ya mkono hadi katikati ya tabaka, tia tone la gundi.

"Kitambaa ni rahisi kuliko ngozi"

Ni laini, si rahisi. Mshonaji wa nguo amezoea kukata bitana ndogo kwa nywele mbili tatu ili mshono ujivute ndani usionekane. Mkono ukifanya hivyo hapa kwa mazoea, umekosea. Mshono lazima ukae juu ya ukingo wenyewe, si huku si kule. Piga pasi kuutanua kabla ya kupindua, pindua, kisha usukume kwa vidole kipande kwa kipande kabla ya pasi ya mwisho. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoifahamu.

Vitambaa vyote viwili vifuliwe kabla ya kukatwa. Pamba ikisinyaa na poliesta ikakataa, mkanda unajisokota kama kamba. Kata kwa urefu sambamba na ukingo wa jora, ambako kitambaa hakivutiki sana. Na kama ni mkanda wa kufunga fundo, kumbuka kwamba fundo huonyesha nyuso zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo rangi hizo lazima zipatane hata zikiwa bega kwa bega. Wajapani walilitambua hilo zamani: walikuwa na obi, mkanda mpana wa kitambaa wa kufungia kimono, iitwayo chuya, yaani mchana na usiku, vitambaa viwili tofauti vilivyoshonwa kuwa kimoja.

"Chagua rangi mbili zinazopendeza, imetosha"

Hesabu vizuri, rangi ni nne: nyuso mbili, ukingo na chuma. Ukingo unaonekana siku zote. Mimi huupaka rangi ya upande uliokoza, kwa sababu mstari mweusi pembeni ya kahawia unaonekana umekusudiwa, lakini mstari wa kahawia pembeni ya nyeusi unaonekana umesahauliwa. Chuma kiwe cha kufifia, kisichong'aa sana, kiende na pande zote.

Halafu kuna jasho. Upande ulioelekea mwilini unasugua gauni kutwa nzima, na rangi isiyoshika huhamia kwenye nguo. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua ngozi mara 20 kwa nguvu. Kikichafuka, na gauni la rangi ya krimu litachafuka. Swedi nyeusi, ile ngozi yenye uso wa manyoya laini, ndiyo mkorofi kuliko zote.

"Pima kiuno, ongeza kidogo"

Kiuno cha juu ya nguo gani? Matundu 5 yaliyoachana kwa sentimita 2.5 yanatoa nafasi ya sentimita 10 tu, kutoka la kwanza hadi la mwisho, ilhali kwenye chati nyingi za nguo za kike kiuno na nyonga hutofautiana kama sentimita 25. Mkanda wa matundu hauwezi kuvaliwa kiunoni leo na nyongani kesho. Amua mapema, au achana na matundu. Pima juu ya nguo itakayovaliwa, na kipimo hicho ndicho umbali kutoka kwenye bizimu hadi tundu la katikati. Matundu yapite katikati kabisa ya upana, maana yakihama hata milimita moja, ncha itapanda ukivaa upande huu na kushuka ukivaa upande ule.

"Unadumu mara mbili"

Watu hupiga hesabu kwamba kila uso unafanya kazi nusu na kupumzika nusu. Hakuna kupumzika. Tundu linalotumika kila siku linaacha mkunjo, na ukigeuza mkanda mkunjo unakusubiri pale pale. Ngozi iliyotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugundishwa huanzia hapo kubanduka. Ngozi halisi itakunjamana tu.

Ule mkanda wangu wa kwanza bado upo. Rafiki yangu anauvaa kwa upande mweusi tu, hajaugeuza tena tangu siku ile. Juzi niliuomba niutazame. Upande mweusi bado una mng'ao wake. Upande wa kahawia, ambao sisi wawili tu ndio tuliowahi kuuona, umepauka na kuchubuka kutoka ncha hadi ncha.