Ada ya televisheni ya umma: je, ni haki kila nyumba ilipe?

Kwenye vikao vyetu vya elimu ya kodi Tandahimba na Newala, hakosekani wa kuuliza: "Waingereza wanalipia televisheni yao ya taifa, sisi TBC tunaionaje bure?"

Hatuioni bure. TBC huendeshwa kwa ruzuku ya serikali na mapato ya matangazo ya biashara. Aliyenunua soda au vocha pale Masasi ameshachangia kupitia kodi, hata kama kwake hakuna televisheni. Kifurushi cha king'amuzi ni jambo jingine: hiyo ni pesa ya kampuni, usipolipa wanakukatia chaneli zao, yameisha.

Ada ya lazima haiishi hivyo. Uingereza iliianza mwaka 1922 kwa redio, ikaongeza televisheni mwaka 1946, na mwaka 2025 ikafika pauni 174.50 kwa mwaka. Hudaiwa kila nyumba inayotazama matangazo ya moja kwa moja, hata kama hawafungulii BBC kamwe. Asiyelipa hushtakiwa kwa jinai, faini ikifika hadi pauni 1,000. Linaloniumiza ni hili: kwa miaka kadhaa, zaidi ya 7 kati ya kila 10 waliotiwa hatiani wamekuwa wanawake. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mkaguzi anapobisha hodi, mama ndiye anayekutwa nyumbani, basi jina lake ndilo linaloandikwa. Na mama huyo anayelea watoto peke yake hutozwa sawasawa na tajiri.

Tuilete huku. Tuchukulie, kwa mfano tu, ada ya shilingi 20,000. Msimu ambao korosho inauzwa shilingi 2,000, hizo ni kilo 10 za mkulima, tena juu ya makato aliyokwisha kukatwa. Kibanda umiza cha Mikindani kina televisheni moja na watazamaji 60, alipe nani? Tukisema ikatwe kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tukumbuke kodi ya majengo ilipohamishiwa huko mwaka 2021: mpangaji akajikuta anakatwa kila mwezi kodi ya nyumba isiyo yake, kisha aanze kuvutana na mwenye nyumba. Mwenye sola yeye haguswi.

Kwa hiyo naiona ada ya namna hiyo si ya haki kwetu. Lakini sikubaliani na wanaosema asiyetazama asichangie. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilisogea karibu na Mtwara kabla ya kupiga kaskazini mwa Msumbiji. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara huko Somanga, Kilwa. Siku kama hizo mvuvi wa Msimbati anahitaji sauti anayoiamini, kwa Kiswahili, bila kuulizwa kifurushi. Hakuna kampuni inayopata faida kwa kumwonya mvuvi asiingie baharini. Gharama hiyo ni ya wote, kama barabara.

Wenzetu wamejaribu njia tofauti. Ujerumani, tangu mwaka 2013, hutoza kila kaya iwe na televisheni au isiwe nayo. Ufaransa iliifuta ada mwaka 2022 na kutumia sehemu ya VAT. Finland, nayo tangu mwaka 2013, hutoza kwa kuangalia kipato, na mwenye kipato kidogo halipi. Hii ya Finland ndiyo iliyo karibu na haki.

Wanaoitetea ada wana hoja moja nzito: chombo kinachosubiri fungu la serikali kila mwaka huogopa kumuudhi anayelitoa. Ni kweli. Ndiyo maana fungu la TBC lingepaswa kuwekwa kisheria kwa miaka kadhaa mfululizo, hesabu zake zikikaguliwa hadharani, ili pasiwe na wa kulipunguza kwa sababu ya habari iliyomchoma.

Na kama mko Nanyumbu na mawimbi hayawafikii, mnachangia kwenye kila vocha kama mkazi wa Dar es Salaam. Muulizeni mbunge wenu kuhusu mtambo wa kuwarushia matangazo kabla bajeti ya wizara haijasomwa.